Waulize Mafundi: Mbona Linux hii inaiona Wi-Fi na ile haiioni?

Barua za mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zinazunguka jambo moja: bodi na visanduku vya ARM (aina ya prosesa ndogo) ambavyo kwa distro moja ya Linux, yaani toleo moja la mfumo huo, vifaa vyake vyote huamka, na kwa nyingine nusu yake hulala. Tunaanza na ya mwalimu, maana jibu lake linarahisisha yale yanayofuata.

SWALI. Assalaam aleikum. Katika chumba chetu cha kompyuta tuna Raspberry Pi 4. Tukitumia Raspberry Pi OS, Wi-Fi inashika na video zinacheza vizuri. Kijana mmoja aliweka Debian yenyewe kwenye kadi nyingine ya kumbukumbu. Bodi ikawaka, lakini Wi-Fi haipo na video zinakwamakwama. Kwenye kompyuta za mezani tunaweka distro yoyote na kila kitu kinaonekana. Je, si Linux ile ile?
*Mwalimu, Mkomani, Lamu*

JIBU. Waaleikum salaam, mwalimu. Jina ni moja, lakini kinachofika kwenye kadi ni vitu vinne vinavyoweza kutoka mikono tofauti: programu ya kuwasha bodi, kerneli (kiini cha mfumo), ramani ya vifaa, na fimwea. Kila distro huchagua vyake. Kwenye kompyuta ya mezani uchaguzi huo hauonekani sana kwa sababu mashine yenyewe hujieleza. BIOS au UEFI, programu iliyomo ndani ya mashine tangu kiwandani, huipa kerneli majedwali yanayotaja kilichomo, na vifaa vingi vimekaa kwenye njia za PCI na USB, ambako kila kifaa kikiulizwa hutaja namba yake. Kerneli huuliza, hujibiwa, kisha hupakia draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa hicho.

Bodi ndogo ya ARM haina desturi hiyo. Kidhibiti ambacho Wi-Fi ya Pi 4 imefungwa kwacho, njia za I2C (za kuunganishia vifaa vidogo), pini za GPIO, saketi za kugawa umeme: hakuna hata kimoja kinachojitangaza. Ni lazima kerneli iambiwe mapema kwamba kidhibiti fulani kiko katika anwani fulani ya kumbukumbu, na kwamba huwashwa kwa pini fulani. Habari hizo ndizo ziitwazo ramani ya vifaa, faili lenye mwisho wa `.dtb`, la Pi 4 ni `bcm2711-rpi-4-b.dtb`. Nahodha mgeni akiingia mkondo wa Mkanda maji yametoka, hata chombo kikiwa kizima na upepo ukimfaa, atakwama mchangani kwa kutojua kina kiko upande gani. Kerneli yenye ramani isiyo yake iko hivyo hivyo: draiva inayo, ila haijui kifaa kiko wapi.

Zamani habari hizo ziliandikwa ndani ya kerneli yenyewe, bodi baada ya bodi, hadi Linus Torvalds akalalamika hadharani mwezi Machi 2011 kwamba sehemu ya ARM imekuwa vurugu. Kuanzia kerneli 3.7, ya Desemba 2012, ikawezekana kerneli moja kuwaka kwenye chipu za ARM za kampuni mbalimbali, mradi tu ipewe ramani ya bodi husika. Hatua hiyo ilisafisha mengi. Haikuondoa swali la nani ameandika ramani, na kwa kerneli ipi.

Sasa tuje kwenye Wi-Fi yenu. Andika `sudo dmesg | grep brcmfmac`. Ukiona mstari unaosema faili `brcm/brcmfmac43455-sdio.bin` limeshindwa kupakiwa kwa kosa namba -2, basi ramani ni sahihi na draiva ipo. Kinachokosekana ni fimwea, ile programu ya kampuni inayomiminwa ndani ya chipu ya Wi-Fi kila bodi inapowaka. Namba -2 maana yake faili halipo. Debian huweka fimwea zisizo huru kando. Tangu toleo la 12, la Juni 2023, zina fungu lao liitwalo `non-free-firmware`. Unganisha bodi kwa kebo ya Ethernet, au shiriki intaneti ya simu kwa kebo ya USB. Fungua `/etc/apt/sources.list`, ongeza neno hilo mwishoni mwa kila mstari unaoanza na `deb`, kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install firmware-brcm80211`

Zima bodi na uiwashe upya. Katika `/lib/firmware/brcm` tazama kama mafaili matatu ya 43455 yapo: la `.bin`, la `.txt` na la `.clm_blob`. La `.txt` ni vipimo vya redio ya bodi yenyewe, na la `.clm_blob` ni kanuni za masafa za kila nchi. Likikosekana hilo la mwisho, Wi-Fi inaweza kuonekana huku baadhi ya chaneli hazipo, na watu hudhani antena imeharibika. Kwenye Raspberry Pi OS kuna mtego mwingine: Wi-Fi hubaki imefungwa mpaka uchague nchi kwa `raspi-config`. Chagua KE.

Amri ya `dmesg` isipotoa hata mstari mmoja wa brcmfmac, usihangaike na fimwea. Hapo draiva haijaitwa kabisa, na kosa liko kwenye ramani au kwenye moduli (faili la draiva) ambayo haikujengwa.

Video ni habari nyingine, na hapa mtavunjika moyo kidogo. Draiva inayoiwezesha Pi 4 kufungua video za H.264 kwa saketi maalumu, `bcm2835-codec`, imo kwenye tawi la kerneli linalotunzwa na Raspberry Pi wenyewe. Kerneli ya Debian hutokana na kerneli kuu, ile ya mradi wa Linux wenyewe, ambayo haina draiva hiyo, kwa hiyo kazi yote huangukia prosesa. Kubadilisha programu ya kuchezea hakutasaidia. Wala msichukue `.dtb` ya Raspberry Pi OS mkaipachika kwenye kerneli ya Debian. Matawi hayo mawili huelezea baadhi ya vifaa kwa majina tofauti, na mnaweza kupoteza hata vilivyokuwa vikifanya kazi.

Tarehe nazo zina uzito. Debian 12 ilikaa na kerneli 6.1, ya Desemba 2022, na Raspberry Pi 5 ilitoka Oktoba 2023. Hakuna ufundi wa mtumiaji utakaoifanya kerneli ile iijue bodi ambayo haikuwa imezaliwa. Kwa darasa la watoto tunashauri bila kusita mbaki na Raspberry Pi OS, au imeji (nakala nzima za mfumo) za Ubuntu zilizotengenezwa kwa Pi, ambazo hubeba kerneli yao maalumu ya `raspi`. Debian yenyewe iwe kwenye kadi ya pili, ya kujifunzia.

SWALI. Habari za kazi. Hapa kwenye nyumba ya wageni tuna Orange Pi Zero 3 inayoendesha mtandao wa wageni. Imeji ya mtengenezaji ilikuwa nzuri ila ya zamani. Nikahamia Armbian, distro ya bodi za ARM, Wi-Fi ikawa sawa. Nilipobadilisha kerneli kwenda ile mpya kabisa, Wi-Fi ikatoweka. Na ile imeji ya Zero 2 niliyokuwa nayo, nikiiweka kwenye Zero 3, hata Ethernet haiji. Bodi zinafanana kama pacha!
*Mtunza nyumba, Shela, Lamu*

JIBU. Zinafanana kwa umbo tu, kaka. Zero 2 ina chipu ya Allwinner H616 na Zero 3 ina H618, ambazo ni jamaa wa karibu, lakini vilivyozizunguka vimebadilika. Chipu ya kugawa umeme ni nyingine. Chipu ya Ethernet nayo ni nyingine: Zero 2 ina Realtek RTL8211F, Zero 3 ina Motorcomm YT8531. Ramani ya Zero 2 ni `sun50i-h616-orangepi-zero2.dtb`, ya Zero 3 ni `sun50i-h618-orangepi-zero3.dtb`. Ukiwasha moja kwa ramani ya mwenzake, kerneli inaamsha umeme wa Ethernet kwa maelekezo yasiyo yake, na soketi inabaki kimya. Usirudie jaribio hilo, maana ramani ndiyo inayotaja hata volti za kuzipa chipu.

Wi-Fi ya Zero 3 ni ya familia ya Unisoc UWE5622, na hapa ndipo distro zinapoachana kabisa. Draiva yake haimo kwenye kerneli kuu. Mtengenezaji wa bodi aliiweka kwenye kerneli yake. Watu wa Armbian huibeba kama kiraka wanachokishona upya kila kerneli inapobadilika, na distro isiyotaka viraka vya nje haitakuwa nayo. Armbian hutoa kerneli katika matawi: `current` ni ile iliyotulia, `edge` ni mpya kabisa. Ulipohamia `edge`, ulifika kabla kiraka hakijarekebishwa, au moduli ilishindwa kujengwa.

Rudi `current` kupitia `armbian-config`, sehemu ya kerneli. Bodi ikishawaka, hakikisha kwa amri tatu: `uname -r` ionyeshe neno `current`, `cat /proc/device-tree/model` itaje Zero 3, na `lsmod | grep sprdwl` itoe mstari. Kisha ifunge kerneli hiyo isibadilike yenyewe:

`sudo apt-mark hold linux-image-current-sunxi64 linux-dtb-current-sunxi64`

Vifunge vyote viwili pamoja. Ukifunga kerneli ukaacha kifurushi cha `dtb` kiendelee, siku moja utakuwa na kerneli ya mwaka huu na ramani ya mwaka ujao. Masasisho mengine ya usalama yataendelea kuja kama kawaida. Ukitaka kujaribu kerneli mpya, ijaribu kwenye kadi ya pili wakati ambao wageni hawapo.

Kuhusu kutumia imeji ya bodi moja kwenye nyingine: kuna jambo linalotangulia hata ramani. Chipu inapopata umeme hutafuta programu ya kuwasha mahali maalumu kwenye kadi. Allwinner huitafuta kilobaiti 8 kutoka mwanzo wa kadi. Rockchip huitafuta kwenye sekta ya 64, yaani kilobaiti 32. Raspberry Pi za zamani husoma faili `bootcode.bin` kwenye sehemu ya FAT, na Pi 4 na 5 huanzia kwenye kumbukumbu iliyo juu ya bodi. Ndiyo maana kunakili mafaili kwa kuyaburuta kutoka kadi moja hadi nyingine hakutoi kadi inayowaka: kilobaiti zile za mwanzo hazimo ndani ya faili lolote. Andika imeji nzima kwa `dd`, au kwa programu kama balenaEtcher.

SWALI. Nimenunua kisanduku cha TV cha Android hapa mjini, kimeandikwa S905X na RAM ya GB 4. Nataka kukifanya kompyuta ya Linux. Rafiki yangu mwenye kisanduku chenye jina hilo hilo amefaulu. Changu kinawaka mpaka nembo kisha basi. Kasoro nini?
*Msomaji, Watamu*

JIBU. Jina la nje ya kisanduku halikuambii lolote. Viwanda huweka chipu tofauti ndani ya ganda moja, na RAM iliyoandikwa mara nyingi huwa zaidi ya iliyomo. Fungua skrubu za chini, zilizofichwa na vile vimpira vya miguu, inua kibati cha kupozea, usome chipu yenyewe. Huenda ukakuta S905W au hata chipu ya Rockchip, na hapo imeji ya rafiki yako haikuhusu.

Ikiwa kweli ni S905X, na umeandika kwenye kadi imeji ya Armbian ya visanduku vya Amlogic, fungua kadi hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufanye mambo mawili kwenye sehemu ya kuwashia. Kwanza, nakili faili `u-boot-s905x-s912` liwe na jina `u-boot.ext`. Pili, katika `extlinux/extlinux.conf` weka mstari wa ramani usome:

`fdt /dtb/amlogic/meson-gxl-s905x-p212.dtb`

Hiyo p212 ni bodi ya mfano ya Amlogic ambayo viwanda vingi vimeiiga. Kwa S905W jaribu `meson-gxl-s905w-p281.dtb`. Kwa nini tunasema jaribu? Kwa sababu kiwanda cha kisanduku chako hakikuandika ramani yake kwa ajili ya kerneli kuu. Unaazima ramani ya bodi inayokaribiana, na kilichofanana kitaamka. Kwa kawaida HDMI, USB na Ethernet hukubali. Taa ya mbele, rimoti na Wi-Fi ndizo hugoma.

Kuwasha: chomeka kadi, ingiza kijiti cha meno kwenye tundu la AV mpaka uhisi kitufe kinabonyea, kishikilie, chomeka umeme, achia baada ya sekunde tano hadi kumi. Si visanduku vyote vina kitufe hapo, ila vingi vinacho. Baada ya mara ya kwanza kitawaka kutoka kwenye kadi chenyewe.

Usiandike chochote kwenye kumbukumbu ya ndani mpaka umetumia kadi wiki nzima na kuridhika. Ukifuta kianzishi cha ndani kimakosa, kurudisha kunahitaji kompyuta ya Windows, programu ya Amlogic ya kuchomea, na kebo ya USB yenye vichwa viwili vya kiume. Hutaki kufika huko.

Wi-Fi ikigoma, soma `cat /sys/bus/sdio/devices/*/vendor`. Ikitoka `0x02d0` ni Broadcom, na fimwea inaweza kutosha. Ikitoka `0x024c` ni Realtek, inategemea modeli. Kama chipu ni SSV6051, ambayo ipo kwenye visanduku vingi vya bei ya chini, acha. Draiva yake haimo kwenye kerneli kuu. Nunua kidude cha USB chenye Atheros AR9271 au MediaTek MT7601U. AR9271 tunaipenda zaidi kwa sababu hata fimwea yake ni huru, hivyo distro zenye masharti makali zaidi huikubali. Uangalie chipu, si kampuni iliyobandika jina, kwani modeli moja ya dukani hubadilishwa chipu bila jina kubadilika.

Draiva za Realtek zinazojengwa kando zinahitaji vichwa vya kerneli vinavyolingana kabisa na kerneli inayoendesha. Hapo nako kila distro ina jina lake: `linux-headers-arm64` kwa Debian, `linux-headers-rpi-v8` kwa Raspberry Pi OS ya biti 64, `linux-headers-current-sunxi64` kwa Armbian ya Allwinner. Maelekezo ya mtandaoni yaliyoandikwa kwa moja hukwama kwenye nyingine kwa sababu hiyo tu.

SWALI. Kwenye saiba yetu printa ya Canon LBP2900 inachapa vizuri kwa kompyuta ya Ubuntu. Tumeihamishia kwenye Raspberry Pi tupunguze bili ya stima, draiva ile ile inakataa. CUPS (programu ya kuchapishia) ni ile ile, Linux ni ile ile.
*Dada wa saiba, Malindi*

JIBU. Dada, hapa distro haina kosa. LBP2900 hutumia lugha ya Canon iitwayo CAPT, na draiva yake ya Linux ilitolewa ikiwa imeshajengwa kwa prosesa za Intel na AMD tu. Tumia `file` kwenye kichujio cha draiva ndani ya `/usr/lib/cups/filter`. Kikitaja `80386` au `x86-64`, Pi haiwezi kukiendesha, na Canon haikutoa chanzo kamili cha draiva hiyo ambacho distro ingekijenga upya kwa ARM.

Njia iliyo imara ni kuiacha printa kwenye ile kompyuta ya Ubuntu, uifungulie mtandao kwa `sudo cupsctl --share-printers`, na kwenye Pi uandike hivi, ukiweka anwani ya kompyuta yako:

`sudo lpadmin -p Ofisi -E -v ipp://192.168.1.20/printers/LBP2900 -m everywhere`

Pi itatuma kazi, na kompyuta itaigeuza kuwa CAPT. Stima hutaokoa kwa njia hii, tunakubali. Ukija kununua printa nyingine, chagua inayochapa bila draiva kwa IPP Everywhere au AirPrint. Hiyo haijali prosesa. Printa za zamani kama HP LaserJet 1020 hufanya kazi kwenye ARM kwa `printer-driver-foo2zjs`, kwa sababu draiva hiyo ina chanzo kilicho wazi, ila nazo hudai fimwea, faili `sihp1020.dl`, kila zinapowashwa.

SWALI. `uname -m` inanijibu `aarch64`, lakini nikiweka programu ya arm64 naambiwa hailingani na mfumo wa armhf. Nimuamini nani?
*Kijana, Muyeye, Malindi*

JIBU. Wote wawili wanasema kweli. Programu za arm64 ni za biti 64, za armhf ni za biti 32. Tangu 2023 Raspberry Pi OS ya biti 32 kwenye Pi 4 huwaka na kerneli ya biti 64 huku programu zote zikibaki za biti 32. `uname` inasoma kerneli; `dpkg --print-architecture` inasoma programu, na hiyo ndiyo unayoifuata unapopakua kitu. Ukihitaji biti 64 kamili, andika upya kadi na imeji ya biti 64. Ukitaka kerneli nayo irudi biti 32, weka `arm_64bit=0` kwenye `config.txt`.

Wengine wametuandikia kuhusu dalili mbili zinazofanana na hii. Programu ikikatika na maneno `Illegal instruction` kwenye Pi Zero ya kwanza, ni kwa sababu bodi hiyo ni ARMv6, na armhf ya Debian hujengwa kwa ARMv7. Tumia Raspberry Pi OS ya biti 32, iliyojengwa kwa ARMv6. Raspberry Pi Zero 2 W haina tatizo hilo. Na kwenye Pi 5, programu ikilalamika juu ya `page size`, andika `getconf PAGESIZE`. Ukipata 16384, ongeza `kernel=kernel8.img` kwenye `config.txt`, uwashe upya, itakuwa 4096.

SWALI. Huku kwetu intaneti huja na kuondoka. Pi yetu ya Zahanati ikizimika, saa inarudi nyuma na kumbukumbu zinavurugika. Tumenunua DS3231, saa ndogo yenye betri yake. Kwa Raspberry Pi OS imekubali. Kwenye bodi nyingine yenye Armbian haikubali.
*Fundi wa vifaa, Faza, Kisiwa cha Pate*

JIBU. Saa iko kwenye I2C, na I2C haijitangazi, kwa hiyo ni lazima iongezwe kwenye ramani. Raspberry Pi OS ina nyongeza za ramani zilizoandikwa tayari, nawe huziita kwa mistari miwili ndani ya `/boot/firmware/config.txt`:

`dtparam=i2c_arm=on`
`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

Armbian haisomi faili hilo. Yake ni `/boot/armbianEnv.txt`, na nyongeza zake zina majina yanayofuata chipu ya bodi. Mara nyingi huishia kuwasha njia ya I2C bila kutaja saa.

Hakikisha waya kwanza. Kwenye bodi zenye pini 40 zilizopangwa kama Pi: VCC ya saa kwenye pini 1, SDA kwenye 3, SCL kwenye 5, GND kwenye 9. VCC iwe ya volti 3.3, si 5. Moduli ya rangi ya buluu ya ZS-042 ina vizuizi vinavyovuta SDA na SCL hadi volti ya VCC, na pini za bodi hazistahimili 5. Ukiipa 5, saketi yake ya kuchajia pia itakuwa inachaji betri ya CR2032 isiyochajika, jambo la hatari.

Washa njia ya I2C kwa `armbian-config`, anza upya, kisha `sudo i2cdetect -y 1`. Namba ya njia si lazima iwe 1. `i2cdetect -l` itakuonyesha zilizopo. Ukiona 68, saa inasikika. 57 ikionekana kando yake ni kumbukumbu ndogo iliyo kwenye moduli, usiijali. Isipoonekana yoyote, angalia waya na kutu. Hewa ya chumvi hula pini zisizofunikwa upesi. Ikionekana, itambulishe kwa kerneli bila kungoja ramani:

`echo ds3231 0x68 | sudo tee /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device`

Rudia `i2cdetect`, mahali pa 68 sasa paandikwe `UU`, ishara kwamba draiva imeishika. Amri hii hukubali kwenye distro yoyote yenye moduli `rtc-ds1307`, ambayo ndiyo draiva ya DS3231 licha ya jina lake. Kama kerneli haina, `grep RTC_DRV_DS1307 /boot/config-$(uname -r)` itakujulisha: `m` au `y` ni salama, na ikikosekana itabidi uhamie kerneli nyingine.

Subiri siku yenye intaneti, hakikisha `timedatectl` inaonyesha saa sahihi ya Africa/Nairobi, kisha andika `sudo hwclock -w -f /dev/rtc0`. Bodi nyingi za Allwinner na Rockchip zina saa yao ya ndani isiyo na betri, na hiyo hujichukulia `rtc0`. Ikiwa hivyo, DS3231 yako ni `rtc1`. Tazama `cat /sys/class/rtc/rtc*/name` kabla ya kuandika. Watu wengi wameandika saa sahihi kwenye ile isiyo na betri na kushangaa inapotea. Mwisho, ondoa kifurushi `fake-hwclock`, na uiweke amri ya kutambulisha, pamoja na `hwclock -s -f /dev/rtc1` au namba yako, kwenye `/etc/rc.local`, ili bodi isome saa kila inapowaka. Chomoa umeme nusu saa, kata intaneti, uiwashe, na uandike `date`.